SOMO: Namna ya kuandika daftari moja na mwenza wako bila kugeuka kesi

Wakuu habari za muda huu. Wengi mmekuwa mnaniuliza hili suala la mimi na mama watoto kuandika daftari la pamoja, yaani kila mtu anaandika yanayomhusu yeye mwenyewe alafu mwenzake anasoma na kujibu, linaendaje na kama kweli linasaidia au ni mambo ya kizungu tu. Leo nimepata nafasi naliweka lote hapa, mwenye swali aulize.

Kwanza msidhani ni la wanandoa peke yao. Unaweza kuandika na rafiki mliyesoma naye, na dada yako, yeyote mnayeaminiana. Ila awe mtu ambaye na yeye ana kitu anataka kukirekebisha kwake, maana akija na nia ya kukurekebisha wewe hamfiki hata wiki ya pili.

Hatua ya 1: Tenganisha ya siri na ya pamoja
Kila mtu abaki na dayari yake ambayo mwenzake haigusi, alafu ndo liwepo hilo moja la wote. Watu wanasemaga "sisi hatufichani kitu" wanaruka hii hatua. Haya, Leo Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi, mwaka 1862 akiwa na miaka 34 alimpa mchumba wake Sofia, binti wa miaka 18, dayari zake zote asome kabla ya ndoa. Mle kulikuwa na kamari, wanawake, mpaka mwanamke wa kijijini kwake aliyekuwa na uhusiano naye. Binti alilia, na yale aliyosoma yalimuuma miaka na miaka. Wakaendelea kusomeana dayari kwenye ndoa, ikafika 1910 mzee anaandika nyingine ya siri anaificha kwenye buti, na mama akaikuta. Uwazi wa hivyo mimi hapana.

Hatua ya 2: Kauntabuku, sio simu
Nunua kauntabuku la kawaida, kwaya mbili linatosha sana. Kushoto unaandika wewe, kulia anaandika mwenzio. Simu inaharibu kwa sababu mtu akishatuma anaanza kuangalia tiki za bluu, mbona umesoma hujajibu, na hapo mmeshaanza kugombana kabla hata hamjafika kwenye lenyewe.

Hatua ya 3: Muda mfupi
Dakika 15 hadi 20, mara mbili tatu kwa wiki. Huo muda sijautoa kichwani, James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, ndo alianzisha utafiti wa haya mambo, mwaka 1986 alitoa matokeo ya wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu mambo mazito yaliyowapata. Siku zile zile za kuandika baadhi waliumia zaidi, lakini miezi iliyofuata walioandika tukio pamoja na hisia zake walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo ukimaliza kuandika ukajisikia vibaya jioni ile usishtuke. Mwandiko na vituo achana navyo.

Hatua ya 4: Jiandike WEWE
Hapa ndo somo lenyewe, mengine yote ni mapambo. Upande wako wa daftari haumshitaki mtu. Chukua tukio la kawaida, gesi imeisha katikati ya kupika. Wengi wataandika: "Kila siku unasubiri gesi iishe ndo uniambie, unanidharau." Hiyo ni mesej ya ugomvi imehamia kwenye karatasi. Sasa ona hii: "Jana gesi ilipoisha nilisonya nikatoka nje nikajifanya naongea na simu. Nilikuwa na elfu nne tu mfukoni na niliona aibu kusema." Tukio ni lile lile, lakini ya pili mwandishi amejiona, na msomaji amejua kitu ambacho angekaa naye miaka asingekijua. Kipimo changu ni rahisi, ukihesabu "wewe" zimezidi "mimi" kwenye ukurasa, funga ukaandike kwenye dayari yako ya siri.

Hatua ya 5: Kujibu
Soma, lala, jibu kesho yake. Na jibu liwe swali moja tu. Kwa ile ya gesi, mke anaweza kuandika upande wake wa kulia: "Aibu ulimuonea nani, mimi au watoto?" Basi, inatosha. Usisahihishe kumbukumbu zake, usimwambie "haikuwa Jumatano ilikuwa Alhamisi".

Hatua ya 6
Mwisho wa mwezi mnakaa na chai mnasoma pamoja, kila mtu anachagua jambo moja la kubadilisha kwake. Moja. Mkichagua matano hamtafanya hata hilo moja.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mume wangu hataki hata kusikia, anasema hana muda wa utoto. Nifanyeje?
Jibu: Dada anza peke yako. Mwaka 2006 huyo huyo Pennebaker na mwenzake Slatcher walifanya utafiti kwa jozi 86 za wapenzi, mmoja tu kwenye kila uhusiano ndo aliandika kuhusu uhusiano wao dakika 20 kwa siku 3, na baada ya miezi 3 waliokuwa bado pamoja walikuwa wengi zaidi kwa walioandika hivyo kuliko walioandika mambo ya kawaida. Ila walikuwa wachumba wa chuo, ndoa yenye ada za shule na wakwe ni habari nyingine.

Swali: Na tukiwa tumegombana kweli kweli tunaandika?
Jibu: Sio siku ile ile. Ikitulia, andika ule ugomvi kama angeusimulia mtu wa tatu anayewatakia mema wote wawili. Eli Finkel, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, na wenzake walilifanyia utafiti kwa jozi 120 za wanandoa hukohuko, matokeo yakatoka 2013. Dakika 7 tu, mara 3 kwa mwaka, na ubora wa ndoa kwa waliofanya hivyo uliacha kushuka, kwa wenzao ukaendelea kushuka.

Swali: Nina mkopo wa kausha damu mume hajui, niuandike mle?
Jibu: Hapana. Hilo mwambie kwa mdomo mmekaa, usimuachie mtu bomu kwenye karatasi alafu uende kazini. Na kama kwenu kuna kupigwa au vitisho, daftari la pamoja achana nalo kabisa, tafuta msaada kwa mtu wa nje unayemuamini.

Swali: Tuandike Kiswahili au Kiingereza?
Jibu: Ile mnayoitumia mkigombana.

Swali: Mimi niko Mwanza mwenzangu Mtwara, inawezekana?
Jibu: Inawezekana, kila mtu awe na kauntabuku lake, Jumapili usiku unapiga picha ukurasa mmoja unamtumia. Ila swali lake aliandike kwenye daftari kesho yake ndo apige picha, asijibu hapo hapo kwa voisi noti.