Fomu isifutike mtu akirudi nyuma: fanya hivi kwenye PHP

Kitu kinachoniuma ni mtu kajaza fomu ndefu kwenye simu, majina, namba ya NIDA, kata, wilaya, katuma, kaambiwa namba ya simu ina makosa, anarudi nyuma arekebishe anakuta fomu nyeupe. Wengi wanaachia hapohapo, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Hatua ya 1, tafuta ugonjwa. Fungua fomu kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda tabu ya Network, pakia ukurasa upya, bofya mstari wa kwanza usome heda za jibu, yani maelezo ambayo seva inatuma pamoja na ukurasa. Ukikuta `Cache-Control: no-store` basi ndo hiyo, brauza imekatazwa kutunza ukurasa kwahiyo mtu akirudi mara nyingi inauomba upya kwa seva, mtupu. Na usishangae kwamba hukuiandika, `session_start()`, ile amri ya PHP inayoanzisha kikao cha mtumiaji, inaituma yenyewe, tena pamoja na `Expires` ya tarehe 19 Novemba 1981, yani ukurasa umeshaisha muda kabla haujafika.

Hatua ya 2, badilisha heda, kwa mpangilio huuhuu (mstari wa kwanza unaizuia PHP kutuma heda zake yenyewe):

```
session_cache_limiter('');
session_start();
header('Cache-Control: private, no-cache');
```

Watu wengi wanachanganya hapa. `no-cache` haimaanishi usitunze, inamaanisha tunza ila uliza seva kabla ya kutumia, na mtu akirudi nyuma brauza kwa kawaida inatoa ile iliyotunza bila kuuliza. `no-store` ndo usitunze kabisa.

Hatua ya 3 ndo kubwa kuliko zote. Usitoe majibu palepale kwenye POST, yani ombi linalobeba fomu iliyotumwa, ndo maana watu wanaulizwa kama wanataka kutuma fomu tena na mwisho maombi yanaingia mara mbili. Data ikiwa sawa, hifadhi halafu mpeleke ukurasa mwingine kwa jibu la namba 303, linaloiambia brauza ifungue anwani nyingine. Ikiwa na kosa, weka alichojaza kwenye `$_SESSION` (kumbukumbu ya kikao chake kwenye seva), mrudishe kwenye fomu kwa 303 hiyohiyo, na kila kisanduku ukijaze mwenyewe ukipitisha `htmlspecialchars()` ili alichoandika kisisomwe kama HTML, hapo hata hahitaji kurudi nyuma.

Hatua ya 4, kama visanduku vinatengenezwa na JavaScript, mfano wilaya zinatokea baada ya kuchagua mkoa, brauza mara nyingi haivirudishi. Tunza kwenye `sessionStorage`, hifadhi ya muda ndani ya brauza, kila mara mtu anapoandika, rudisha ukurasa ukifunguka, futa akishamaliza. Nywila na namba za kadi usiziweke humo, tafadhali sana.

Hatua ya 5, ondoa skripti zinazotumia `unload` (tukio la mtu kuondoka kwenye ukurasa), zinazuia brauza kugandisha ukurasa mzima ulivyo ili iurudishe mtu akirudi nyuma, badala yake tumia tukio la `pagehide`. Kwenye F12 tabu ya Application kuna Back/forward cache, endesha jaribio pale itakwambia kinachozuia.

Halafu jaribu na hili: toka kwenye akaunti, bonyeza kurudi nyuma. Ukurasa wenye salio au taarifa za mgonjwa ukionekana tena, huo urudishie `no-store` leoleo, maana kompyuta ya intaneti kafe anakaa mwingine dakika hiyohiyo.