Somo: Kubadilisha oili sili (raba zinazozuia oili isivuje) za shokapu za mbele za pikipiki nyumbani

Ukiona oili imechanganyika na vumbi jekundu na kuganda kwenye bomba la shokapu, usingoje. Oili hiyo ikifika kwenye breki, pikipiki haishiki, na kwenye barabara zetu za marumu huku Tororo, Uganda, hilo ni jambo la maisha ya abiria wako.

Kabla ya kuinua pikipiki, legeza bolti ya klampu ya juu, kisha kifuniko cha shokapu. Bolti ya chini kabisa, ile ya spana ya L, ilegeze springi ikiwa bado ndani, maana springi ndiyo inayoibana fimbo ya ndani ya shokapu isizunguke na bolti. Kisha weka kreti chini ya injini, toa gurudumu na madigadi, uchomoe shokapu. Kifuniko kinasukumwa na springi, kwa hiyo kishike vizuri unapokimalizia. Mwaga oili, chomoa bomba, toa raba ya vumbi na waya unaoshikilia sili, halafu ing'oe sili ukiwa umeweka kitambaa chini ya bisibisi.

Hapa tulia. Pitisha ukucha kwenye bomba, juu hadi chini. Mimi niliwahi kudharau kidonda cha kutu kidogo kama punje ya mtama. Siku ya pili oili ilikuwa kwenye rimu. Kutu nyepesi isugue kwa msasa laini wa maji. Ukucha ukikwama, nunua bomba.

Rudisha bomba mahali pake, funika ncha yake kwa kaveera (mfuko wa plastiki) iliyopakwa oili, uvishe sili, maandishi yakitazama juu. Ishindilie kwa sili ya zamani na kipande cha paipu, taratibu, pande zote sawa. Bolti ya chini ipate washa mpya ya shaba.

Maswali ya wenzetu wa steji ya bodaboda

Fundi, inavuja moja tu. Nibadilishe zote?
Zote, ndugu yangu. Zimekula vumbi moja, na oili lazima ilingane pande mbili.

Naweza kutia oili ya injini?
Hapana. Oili ya injini ya 20W-50 ni nzito, shokapu itakuwa ngumu. Tia oili ya shokapu, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Nimeweka mpya, siku ya tatu inavuja tena.
Shusha raba ya vumbi, pitisha kipande laini cha plastiki kati ya sili na bomba ukizunguka. Mara nyingi ni chembe ya mchanga. Ikiendelea, rudi kwenye ukucha.