Kutengeneza TS-1 kwa vifaa vya maabara ya Dodoma: hatua, vipimo na maswali

TS-1 ni zeolaiti (fuwele yenye vitundu vidogo sana) ya silika yenye muundo uitwao MFI, ambamo silikoni chache zimeipisha titani. Taramasso, Perego na Notari wa Italia walipata hataza yake Marekani mwaka 1983. Ikishirikiana na haidrojeni peroksaidi, inageuza propileni kuwa propileni oksaidi, na fenoli kuwa katekoli na haidrokwinoni. Sharti ni moja: kila titani ikae peke yake kwenye kiunzi, imeshikwa na oksijeni nne. Zikikusanyana zinakuwa anatasi (aina ya oksidi ya titani), na anatasi inavunja peroksaidi bila faida yoyote. Karibu kila tahadhari hapa chini inatokana na hilo.

Anza na maji. Ya bomba hapa Dodoma, mengi yakitoka visima vya Makutupora, yana chumvi, na kuyachemsha hakuondoi sodiamu. Sodiamu au potasiamu ikiingia kwenye jeli (mchanganyiko wa kuanzia), titani haiingii kwenye kiunzi. Tumia maji yaliyoondolewa ioni tu. Vyombo viwe vya plastiki ya polipropileni au Tefloni, kwa sababu TPAOH (tetrapropilamoniamu haidroksaidi) ni besi kali inayochopoa sodiamu kwenye glasi.

Vipimo, kwa uwiano wa silikoni 50 kwa titani 1: TEOS (chanzo cha silikoni) g 20.8, TBOT (chanzo cha titani) g 0.68, TPAOH ya asilimia 20 g 35.6, isiyo na sodiamu wala potasiamu. Isopropanoli kavu ml 10. Usijaribu kushusha uwiano chini ya 40. Kiunzi hakibebi titani zaidi ya hapo, kwani kifungo chake na oksijeni ni kirefu kuliko cha silikoni.

1. Pima bika tupu pamoja na sumaku yake, andika uzito. Mimina TPAOH, kisha TEOS polepole huku ukikoroga. Mwanzoni TEOS inaelea juu kama mafuta. Endelea kukoroga mpaka yote yawe kimiminika kimoja kinachopitisha mwanga.

2. Weka bika kwenye barafu, joto lishuke chini ya nyuzi 5. Changanya TBOT na isopropanoli, kisha dondosha tone kwa tone kwa muda wa nusu saa hivi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. TBOT inavunjwa na maji haraka kuliko TEOS, na tone likitua mahali pasipokorogwa linaacha nyuzinyuzi nyeupe. Hizo ni oksidi ya titani, hazirudi kuyeyuka. Ukiziona, mwaga uanze upya. Ukiendelea utapata fuwele nzuri kwa macho zenye anatasi ndani. Masika chungulia pia mdomo wa chupa ya TBOT: ukoko mweupe maana yake hewa yenye unyevu imeshaingia.

3. Koroga saa moja nje ya barafu, kisha pasha kwa nyuzi 80 kwenye bafu la maji, chini ya kivuta hewa, mbali na moto, saa 3 hadi 4. Alkoholi itoke, la sivyo itaongeza shinikizo ndani ya otoklevu (chombo kinachofungwa na kuhimili shinikizo). Ikianza kuwa nzito, ongeza maji. Mwishoni jazia maji mpaka mchanganyiko wenyewe, bila bika na sumaku, ufike g 76.

4. Otoklevu yenye kikombe cha Tefloni cha ml 125, isijae zaidi ya theluthi mbili. Nyuzi 170, saa 48. Usiifungue kabla haijapoa kabisa.

5. Tenganisha kwa sentrifuji, osha mpaka pH iwe chini ya 8, kausha kwa nyuzi 110, kisha choma kwa nyuzi 550 saa 6 ukipandisha nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika. Tandaza unga uwe tabaka jembamba. Rangi ya kijivu maana yake TPA (sehemu ya kikaboni ya TPAOH) haijaungua yote, rudisha tanurini.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. TPAOH ni ghali. Naweza kutumia TPABr (bromidi ya TPA) na sodiamu haidroksaidi? (Nzuguni)
Marahaba. Utapata fuwele za MFI, ila titani itabaki nje ya kiunzi. Ukibadilisha besi, chagua isiyo na metali, mfano amonia, na ujiandae kwa fuwele kubwa zaidi zinazokua taratibu.

Dodoma maji yanachemka kama nyuzi 96. Nipandishe joto la oveni? (Kikuyu)
Hapana. Otoklevu imefungwa na inajitengenezea shinikizo lake, takriban baa 8 kwa nyuzi 170. Mwinuko wa mji hauigusi.

Umeme ukikatika usiku je? (Singida)
Acha otoklevu ndani ya oveni, mlango umefungwa. Umeme ukirudi, fidia saa zilizopotea. Kwenye tanuri, ukikatika, rudia uchomaji tangu mwanzo.

Nitajuaje titani imeingia? XRD yangu (kipimo cha fuwele kwa eksirei) ni safi kabisa. (Kondoa)
XRD pekee haitoshi, ndugu yangu. Anatasi kidogo haionekani humo. Pima UV-Vis ya unga (jinsi unavyofyonza mwanga). Kilele cha nm 210 hivi ni titani iliyo kwenye kiunzi, bega la nm 260 hadi 280 ni iliyo nje, na nm 310 hadi 330 ni anatasi. IR (kipimo cha infraredi) nayo itoe mstari wa 960 cm⁻¹, ila usiutegemee peke yake, kwa kuwa silanoli (vikundi vya Si-OH) nazo hutoa mstari jirani. Kwenye XRD yenyewe angalia pembe ya nyuzi 24.4: silikalaiti isiyo na titani, baada ya kuchomwa, huonyesha vilele viwili pale, na TS-1 huonyesha kimoja.