Fleti Ndogo Haipati Mnunuzi: Anza kwa Kujua Wateja Wanakatikia Wapi

Fleti kubwa ikikwama, watu husema: iko mbali, ni ghali, imechakaa. Fleti ndogo ikikwama, hakuna anayesema chochote. Tangazo linakaa mwezi, miezi miwili, simu haiiti, na mwenye nyumba anaanza kumshuku dalali, kisha hali ya uchumi, kisha majirani. Mimi ni dalali, na fleti za chumba kimoja ndizo nyingi zilizopita mikononi mwangu. Hivi ndivyo ninavyofanya nikiletewa iliyododa. Usiruke hatua ya kwanza, la sivyo utapaka rangi nyumba ambayo shida yake ilikuwa picha.

Hatua ya 1: Hesabu namba nne

Chukua daftari. Tangu utangaze, ni watu wangapi walifungua tangazo (tovuti nyingi za nyumba humwonyesha mwenye tangazo), wangapi walipiga simu au kuandika, wangapi walikuja kuona, na wangapi walitaja bei?

Kama hawafungui, ama bei yako iko nje ya kiwango wanachotafutia, ama picha ya kwanza haisemi kitu. Wakifungua bila kupiga simu, kuna jambo limekosekana ndani ya tangazo, au lipo na linawafukuza. Wakija wakaondoka kimya, tatizo limo ndani ya fleti. Wakitaja bei halafu wakapotea, angalia karatasi zako, au benki yao.

Niliwahi kukabidhiwa fleti ambayo mwenyewe alikuwa ameshaishusha bei mara tatu. Tulipokaa na daftari, ikaonekana watu 11 walishaingia ndani na wawili wakataja bei nzuri tu. Wote wawili waliomba taarifa ya ada ya huduma za jengo, kujua kama kuna deni. Wote wawili waliambiwa "nitaitafuta." Bei ilikuwa imeshushwa kwa sababu ya karatasi moja iliyokuwa ofisini kwa msimamizi wa jengo, ghorofa mbili chini.

Hatua ya 2: Pima bei kwa vipimo vitatu

Cha kwanza ni bei ambazo fleti kama yako zimeuziwa kweli. Bei za kwenye matangazo ni matumaini ya wauzaji wenzako, na baadhi yao wamekwama kama wewe. Ukigawa bei kwa mita za mraba, kumbuka kwamba fleti ndogo mara nyingi huwa na bei kubwa zaidi kwa kila mita, maana jiko na bafu, ambavyo ndivyo ghali kujenga, vimo hata kama nyumba ni ya mita 28. Kwa hiyo usichukue kiwango cha fleti kubwa ukakizidisha tu.

Cha pili wauzaji wengi hukisahau: ngazi iliyo juu yako. Mnunuzi akiongeza kidogo, anapata nini? Kama nyongeza ndogo inampatia chumba cha kulala chenye mlango wake, atairuka fleti yako bila hata kukupigia. Lazima pengo kati yako na ngazi hiyo liwe kubwa kiasi cha kumfanya asite.

Cha tatu ni kodi, kwa sababu wanunuzi wengi wa fleti ndogo wanataka kuipangisha, na wengine ni wapangaji waliochoka kulipa. Chukua bei unayotaka, igawe kwa kodi ya mwezi mmoja. Ukipata 200, maana yake kodi ya mwaka, yaani miezi 12, ni asilimia 6 ya bei. Sasa toa ada za jengo na matengenezo, tuseme kodi ya miezi miwili, na mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu. Inabaki miezi 9, sawa na asilimia 4.5. Mwekezaji atapiga hesabu hiyo akiwa bado anapanda ngazi za jengo. Ipige kabla yake, uone kama wewe mwenyewe ungenunua.

Ukiamua kushusha, shusha mara moja na ushuke vya kutosha kuvuka kiwango cha utafutaji. Watu huweka kikomo cha namba kamili kwenye tovuti. Ukizidi kidogo tu, hawakuoni kabisa. Kupunguza kidogo kidogo kila mwezi kunawafundisha wanunuzi kusubiri.

Hatua ya 3: Punguza vitu mpaka sakafu ionekane

Hapa ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Simama nje, fungua mlango wa kuingilia kama mgeni. Unafunguka wote? Kuna fleti niliyoizungukia wiki nzima bila kuelewa kwa nini watu hukunja uso wakiingia. Nyuma ya mlango kulikuwa na kabati la viatu. Mlango uliishia katikati, mtu anaingia kwa bega, na kabla hajaona dirisha zuri la upande wa pili tayari moyo umeshasema "pamebana." Tuliondoa kabati. Mnunuzi wa kwanza aliyeingia baada ya hapo alitembea moja kwa moja hadi dirishani.

Jicho hupima chumba kwa sakafu inayoonekana, hasa ile inayofika ukutani. Toa mazulia madogo madogo, masanduku juu ya kabati, nguo nyuma ya milango. Fanicha yenye miguu hupendeza kuliko ile iliyokaa chini kama jiwe. Lakini usiiache fleti tupu kabisa: chumba kidogo kikiwa kitupu huonekana kidogo zaidi, kwa kuwa mtu hana cha kupimia na huanza kuogopa kwamba kitanda hakitaenea. Weka kitanda, meza ndogo, kiti, ili aone pa kulala, pa kulia na pa kufanyia kazi.

Balbu zote ziwe za rangi moja. Moja ya njano na nyingine nyeupe kwenye chumba kimoja hufanya kuta zionekane chafu. Na unyevu ukutani usiupakie rangi. Tafuta bomba au ufa unaouleta, maana doa litarudi, pengine siku ambayo mkaguzi wa mnunuzi amekuja. Mficha uchi hazai.

Hatua ya 4: Piga picha upya

Mchana, mapazia wazi, taa zimewashwa. Simu ishike usawa wa kifua, ukiwa kwenye kona, kuta zisimame wima. Achana na lenzi pana kupita kiasi: inavuta sinki likawa kama mtumbwi, na mgeni akifika anahisi ametapeliwa. Picha 8 au 10 zinatosha. Nimeona tangazo la chumba kimoja lenye picha nne za choo.

Kisha weka ramani ya fleti yenye vipimo. Mnunuzi wa nyumba ndogo ana swali moja kuu, je, kitanda cha 5 kwa 6 kitaingia na mlango bado ufunguke? Mjibu kabla hajauliza. Taja pia ghorofa, lifti, ada ya jengo kwa mwezi na dirisha linatazama wapi. Ukiandika "ndogo lakini nzuri" umejiombea radhi. Andika mita za mraba, basi.

Hatua ya 5: Karatasi

Hati, ramani, risiti za ada za jengo, kanuni za jengo, zote kwenye faili moja. Uliza pia benki mbili tatu kama zinakopesha kwa fleti ya ukubwa wako, kwa kuwa baadhi ya wakopeshaji hukataa zilizo chini ya kipimo fulani. Kama wanakataa, lenga wenye fedha taslimu.

Hatua ya 6: Siku ya kuona

Fungua madirisha nusu saa kabla. Wageni wawili kwa wakati mmoja, wasizidi. Wewe kaa kwenye korido: mtu wa tatu ndani ya mita 28 ni ukuta mwingine.

Hatua ya 7: Kabla ya kutangaza tena

Tangazo lililoonekana kwa miezi mingi watu hulisoma kama ule msemo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Liondoe wiki kadhaa, kisha lirudi na picha mpya, maneno mapya na bei uliyokwisha kuipima. Katika wiki hizo, gonga milango. Jirani wa ukuta kwa ukuta huenda anatafuta pa kumweka mzazi wake. Kama kuna mpangaji ndani, muulize yeye kwanza. Fleti mbili nilizohangaika nazo zaidi zilinunuliwa na watu waliokuwa wakipita mlangoni pake kila siku, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba inauzwa.