Chumba cha meli ya utalii: namna ya kulala bila joto

Abiria anayepanda meli ya utalii Miami mwezi wa saba hulalamikia joto la chumba kabla hata hajaonja chakula. Nimefanya kazi ya ustiwadi, yaani kuhudumia vyumba vya abiria, kwenye meli za Karibi, na wakati wa msimu wa baridi kwenye zile zinazozunguka Dubai, Doha na Muscat, na malalamiko hayo nimeyapokea kwa lugha nyingi. Mara nyingi mashine ni nzima. Abiria tu hajaelezwa chumba kile kinapata wapi ubaridi wake, kwa hiyo nianzie hapo.

Kiyoyozi cha ukutani tulichozoea Mombasa na Dar, ukikiwasha unapigwa na baridi papo hapo. Meli haiko hivyo. Chini kabisa kuna mitambo mikubwa inayopoza maji, maji hayo yanapoza hewa, na hewa inapita kwenye mabomba mapana hadi kwenye tundu lililo darini mwako. Wewe umepewa swichi ndogo ukutani ya kuongeza au kupunguza nyuzi chache tu. Mitambo hiyo ni hodari wa kutunza ubaridi uliokwisha kupatikana, ila hukawia sana kulitoa joto lililokwisha kuingia. Ndiyo maana ubaridi wa saa nne usiku unatafutwa saa nane mchana.

Ukiingia chumbani siku ya kwanza, kabla ya kufungua begi, shusha ile swichi hadi mwisho wa upande wa bluu. Kama ni ya namba, angalia isikuchanganye: meli zinazobeba Wamarekani wengi hutumia Farenhaiti, na 68 yao ni 20 ya Selsiasi. Kisha inua mkono mpaka kwenye tundu la darini uisikie hewa. Kwenye meli nyingi, hasa za zamani kidogo, tundu hilo lina kifuniko cha duara kinachozungushwa, na mgeni aliyetoka asubuhi huenda alikifunga kwa sababu alisikia baridi. Kizungushe mpaka hewa itoke kwa nguvu. Kama chumbani kuna kadi inayotakiwa kuchomekwa mlangoni ndipo taa ziwake, jaribu kuitoa usikilize: kwenye meli nyingine hewa nayo hupungua kadi ikitolewa.

Siku hiyo ya kupanda usikate tamaa mapema. Milango mikubwa ya meli iko wazi tangu asubuhi, mizigo inaingia, watu maelfu wanaingia, na hewa ya bandarini inaingia pamoja nao. Subiri meli ing'oe nanga na jua lizame ndipo ukihukumu chumba chako.

Sasa nije kwenye mlango wa roshani, maana hapa ndipo vyumba vingi vinapoharibika. Mtu amelipia roshani, anataka kulala akisikia mawimbi, anauacha mlango wazi. Meli nyingi za sasa zina kifaa kwenye mlango huo kinachozima au kupunguza hewa baridi mlango ukiachwa wazi, hata kama umebaki mwanya wa kidole. Unaweza kuamini umefunga, kumbe kitasa hakijashuka mpaka chini, na chumba kinachemka usiku kucha. Kwa hiyo kabla ya kulala usiutazame mlango kwa macho. Shika kitasa, sukuma, hakikisha mlango umejifunga sawasawa.

Na hata pale ambapo kifaa hicho hakipo, hewa ya bahari ya Karibi usiku imejaa unyevu. Ikiingia kwenye chumba chenye ubaridi, dari na kuta hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nimekausha sakafu za namna hiyo usiku, na nimeona godoro likilowa unyevu mpaka ikabidi libadilishwe. Mtu anayelala humo anahisi joto hata nyuzi zikisoma chini, kwa sababu jasho lake halikauki mwilini. Unyevu ndio unaochosha kuliko joto lenyewe. Ukitaka upepo, toka nje, funga mlango nyuma yako, kaa na bahari yako kadiri unavyotaka, halafu rudi ndani. Usiufungue pamoja na mlango wa korido: upepo hupita kwa kishindo na mlango huo ni mzito, unaumiza vidole vya watoto. Wala mlango huo wa korido usiuzuie kwa kiti ubaki wazi, kwa sababu umetengenezwa ujifunge wenyewe ili kuzuia moto.

Pazia nalo. Fungeni pazia zito mnapotoka kwenda kifungua kinywa, na mliache limefungwa mpaka jua lizame. Meli inayotoka Miami kuelekea kusini, jua la alasiri linapiga upande wa kulia ukitazama omo, yaani mbele ya meli. Ikirudi kaskazini, linahamia kushoto. Kioo cha roshani ni kikubwa, na jua la saa tisa likikipiga mpaka jioni, zulia na magodoro vinabaki na joto hadi usiku wa manane. Lakini msitundike blanketi wala taulo huko nje ili kukinga jua. Machi 2006 moto ulianzia kwenye roshani za meli ya Star Princess karibu na Jamaika, ukaruka kutoka roshani hadi roshani, na abiria mmoja akafariki. Tangu hapo mastiwadi tunakazania sana kwamba roshani isiwe na kitu kinachoshika moto.

Bafuni watu wengi hawapafikirii. Katika vyumba vingi, hewa baridi inaingia kwa darini na hewa iliyochoka inavutwa kwenda nje kupitia tundu la bafuni. Mwanya ulio chini ya mlango wa bafu ni njia ya hewa. Usiuzibe kwa taulo. Ukimaliza kuoga kwa maji moto, funga mlango wa bafu mvuke uvutwe hukohuko. Nguo za kuogelea zilizolowa zianike kwenye ile kamba inayovutwa ndani ya bafu, si kwenye viti vya chumbani. Nguo za watu wanne zikikaukia chumbani, maji yake yote yanaingia kwenye hewa mnayopumua.

Kuhusu feni nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu kuna hatari. Feni ndogo ya USB au ya betri ndiyo ninayoipendekeza. Ile ya kwenu nyumbani yenye plagi ya pini tatu iache: soketi za chumbani kwa kawaida ni za Kimarekani za volti 110 na za Ulaya za volti 220. Na usibebe ekstensheni yenye kinga ya kuzuia umeme kupanda. Umeme wa melini hauna waya uliofungwa kwenye ardhi kama wa nyumbani. Nyaya zote mbili zina umeme, na kinga ile inaweza kupata moto mpaka ikawaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya jambo hilo mwaka 2013, na ekstensheni hizo huchukuliwa wakati wa ukaguzi wa mizigo. Kila kampuni ina orodha yake ya vitu visivyoruhusiwa, isome kabla ya kufunga begi.

Feni hiyo usiielekeze usoni tu. Iweke mahali ambapo inaichukua hewa inayoshuka kutoka tundu la darini na kuipeleka kitandani. Kuta za vyumba vingi ni za chuma, kwa hiyo ndoano ndogo ya sumaku inashika vizuri na feni inaninginia hapo bila shida. Kile kichwa cha kunyunyizia maji darini, pamoja na king'ora cha moshi, usivitundikie kitu hata hanga. Kichwa kikivunjika, maji yanafurika chumbani kwako na kwa majirani.

Kitandani, mwambie stiwadi akuondolee duveti akuwekee shuka tupu. Ni ombi jepesi na hatukasiriki kuombwa. Mimi husafiri na leso au kikoi changu, kwa sababu pamba ile nyepesi inanywa jasho na inatosha kujifunika alfajiri ubaridi unapozidi.

Wanaopanda au kushuka Mombasa na Zanzibar wajue kwamba meli nyingi hufika huku wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, wakati joto letu liko juu. Meli ikiwa imefungwa gatini haina upepo wa mwendo. Kabla ya kwenda Tsavo au Mji Mkongwe, pazia lifungwe, swichi iachwe chini, na taa na televisheni vizimwe.

Ukiwa bado hujakata tiketi, tazama ramani ya meli. Epuka chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa, kilicho juu ya jiko, au kilicho jirani na dohani. Chumba cha ndani kisicho na dirisha hakipigwi na jua kabisa, na ni cha bei nafuu. Mama yangu akisafiri, nitamkatia hicho.

Umefanya yote na bado unatoka jasho? Mwambie stiwadi jioni anapokuja kutandika, usingoje usiku wa manane mafundi wamebaki wachache. Na umweleze kinachotokea hasa. Hewa ikitoka kidogo lakini ni baridi, huenda kichujio kimejaa vumbi au njia ya hewa imezibwa. Ikitoka nyingi lakini ni ya vuguvugu, tatizo liko kwenye maji baridi au kwenye swichi. Fundi akiambiwa hivyo anajua abebe nini. Stiwadi hana mamlaka ya kukuhamisha chumba, kwa hiyo fundi akishindwa nenda mapokezi, taja mara ngapi umelalamika, omba feni ya kuazima, kisha omba chumba kingine. Mwenye mimba, mzee wa presha, au mwenye maradhi yanayozidishwa na joto aijulishe kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, kwa maandishi, kwa sababu meli ikishajaa hakuna chumba cha kumhamishia.