Somo: Kufinyanga sanamu inayosimulia maisha ya mashambani Ohio

Mchongaji wa sanamu za udongo Jack Earl, aliyezaliwa mwaka 1934 Uniopolis, jimbo la Ohio, Marekani, alifinyanga watu wa kawaida wa mashambani pamoja na mbwa na nyumba zao, na mara nyingi alizipa kazi hizo majina marefu kama aya ya hadithi. Tukifuata njia yake, tutafinyanga mkulima aliyeketi barazani, mwenye kimo cha sentimita 30.

Hatua ya kwanza, iliyo nzito kuliko zote, ni kuchagua tukio moja. Usijaribu kufinyanga maisha yote ya shamba. Chagua dakika moja: mkulima amevua buti moja, la pili lingali mguuni, naye anatazama mawingu ilhali mahindi hayajavunwa. Mtazamaji atajiuliza kama mkulima atalivua buti la pili au atarudi shambani, na hapo masimulizi yatakuwa yameanza. Kisichohusu dakika hiyo kiondoe, hata kama kinapendeza.

Hatua ya pili ni kujenga. Tumia udongo uliochanganywa na chenga za vigae vilivyosagwa, ambazo hupunguza kusinyaa na kupasuka. Pandisha kiwiliwili kwa kamba za udongo, kikiwa na uwazi ndani na ukuta wa takriban sentimita moja, kisha toboa tundu chini ili mvuke upate njia. Unapounga mkono, kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo uleule, halafu gandamiza.

Hatua ya tatu: kausha polepole chini ya plastiki, ukifunika zaidi vidole na ukingo wa kofia. Tanurini, pandisha moto taratibu hadi upite nyuzi 100 za Selsiasi, na uwe mwangalifu tena karibu na 573, ambapo madini ya kwatzi yaliyo udongoni hutanuka ghafla. Malizia karibu na 1000.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Je, naweza kutumia udongo wa kaure?
Jibu: Unaweza, na Earl aliutumia, lakini husinyaa sana na hulegea katika moto mkali, kwa hiyo mkono ulionyooshwa uuegemeze.

Swali: Uso wa mkulima wangu hauonyeshi hisia yoyote. Nifanyeje?
Jibu: Uache kwanza, urekebishe mabega na shingo. Uchovu wa aliyeamka alfajiri huonekana mgongoni kabla ya machoni.

Swali: Je, jina refu ni lazima?
Jibu: Hapana. Ukiliandika, lieleze kile ambacho udongo hauwezi kuonyesha, kama vile maneno aliyoambiwa mkulima asubuhi ile.