Kabla ya kugusa springi: kutayarisha gari kuukuu la spoti kwa mbio za koni

Mwenye gari la spoti la miaka ya 1980 au 1990 hapa Lubumbashi, liwe Mazda MX-5 yenye usukani wa kulia iliyopitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, au Peugeot 205 GTI iliyoletwa kutoka Ulaya, mara nyingi huanza matayarisho ya mbio za koni kwa kuulizia bei ya springi fupi. Ningependa kumshawishi aanzie upande mwingine kabisa, springi ziwe za mwisho, na pengine zisiguswe kamwe. Katika mbio hizi kila gari hukimbia peke yake likishindana na saa, kati ya koni zilizopangwa kwenye uwanja wa lami au saruji, sehemu kubwa ikiendeshwa kwa gia ya pili, na kila kitu huisha ndani ya dakika moja hivi. Kwa kanuni za SCCA, chama cha Marekani ambacho kimeupanga mchezo huu, unaoitwa huko autocross, kwa miaka mingi, koni moja ikiangushwa dereva huongezewa sekunde 2, hasara ambayo hakuna springi itakayoirudisha. Tena mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mwendo unaopatikana ndani ya kona ndio usiopunguzwa na hewa nyepesi.

Anayetafuta ushauri katika maandishi ya Kifaransa ajihadhari. Ufaransa na Ubelgiji, autocross ni mashindano ya magari kadhaa kwa pamoja kwenye njia ya udongo, na mchezo unaofanana na huu wa koni ndio unaoitwa slalom. Vipimo vya gari la udongo, lililoinuliwa na kuwekewa springi ndefu na laini, havitamsaidia mtu kwenye lami.

Jambo la kwanza ni kanuni, kwa sababu ndizo zinazoamua fedha ziende wapi. Katika kundi la magari ya barabarani la SCCA, mshindani huruhusiwa kubadilisha amotisa, yaani vifaa vinavyotuliza mdundo wa springi, kubadilisha stabilaiza moja tu, ya mbele au ya nyuma, yaani fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, na kutumia nafasi ya marekebisho ambayo kiwanda kiliiacha, lakini springi lazima zibaki za kiwandani. Hata marafiki wanaojipangia mashindano yao wenyewe hapa mjini wangefanya vema kuuiga mpaka huo, kwa kuwa unamlazimisha kila mtu kulifahamu gari lake kabla ya kulibadilisha.

Jambo la pili ni uchakavu, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Gari lenye umri wa miaka thelathini halina tena vipimo vyake vya asili, hata kama kitabu cha kiwanda kinavitaja kwa usahihi. Bushi za mpira zinazoshikilia mikono ya magurudumu hupasuka na kulegea, na zikilegea gurudumu hugeuka lenyewe kila dereva anapofunga breki au kukata kona, kwa hiyo pareleli, yaani mwelekeo wa magurudumu mawili ya ekseli moja yakitazamwa kutoka juu, iliyopimwa gari likiwa limesimama inakuwa ya karatasini tu. Gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, wala lisitegemee jeki peke yake, kisha kila gurudumu litikiswe kwa kulishika juu na chini, halafu kushoto na kulia. Ulegevu wa juu na chini huelekeza shaka kwenye rotuli, yaani kiungo cha tufe la chuma kinachoruhusu gurudumu kugeuka, au kwenye beringi, na ule wa kushoto na kulia kwenye ncha za fimbo za usukani. Bushi zenyewe hupimwa kwa kusukuma mikono kwa mtaimbo na kutazama mpira unavyoachana na chuma. Vifuniko vya mpira vya rotuli vikaguliwe kwa makini zaidi kuliko kitabu kinavyotaka, maana vumbi jekundu la mtaa wowote usio na lami likichanganyika na grisi huzitafuna rotuli kwa muda mfupi. Kwenye Peugeot 205 pana ugonjwa unaojulikana: beringi za sindano za ekseli ya nyuma huisha, magurudumu ya nyuma yakainamia ndani kwa juu, na mwenye gari akadhani ni mtindo wa spoti.

Bushi mpya zikifungwa, boliti zake zikazwe mwisho, gari likiwa limekwisha kushuka na kusimama kwa urefu wake wa kawaida. Mpira wa bushi ya kiwandani umegandishwa kwenye chuma na hufanya kazi kwa kujipinda. Ukikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, utaishi ukiwa umepindwa daima, utachanika mapema, na utaliinua gari kidogo kiasi cha kuharibu kila kipimo kinachofuata. Garaji nyingi hulipita jambo hili kwa haraka, basi mwenye gari asimame pale mwenyewe na aombe kwa heshima. Kuhusu bushi ngumu za plastiki zinazosifiwa sana, maoni yangu ni kwamba kwa gari linalorudi nyumbani kwa barabara zenye mashimo, mpira mpya wa kiwandani unatosha.

Tairi zinakuja kabla ya kipimo chochote cha geometria, yaani pembe za magurudumu, kwa sababu ndizo zinazogusa ardhi. Sokoni zipo nyingi zilizokwisha kutumika ng'ambo, na kashata za juu, yaani vipande vya mpira vinavyogusa lami, zikionekana nzima mnunuzi huridhika, ilhali mpira umekwisha kuwa mgumu. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi za mbele na za nyuma ziwe za aina moja na umri unaokaribiana, la sivyo hutajua kama gari linateleza kwa sababu ya stabilaiza au kwa sababu ya mpira. Upepo nao hubadilika kwa takriban bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za joto, na asubuhi ya Juni au Julai hapa kwetu hutofautiana sana na saa saba mchana, basi kipimo cha asubuhi kisiaminiwe siku nzima. Chora mstari wa chaki kwenye bega la tairi: baada ya mzunguko mmoja, chaki ikifutika hadi ubavuni upepo ni mdogo, na ikibaki juu ya kashata upepo umezidi. Pampu ya mkono na geji yako mwenyewe viwe ndani ya gari, kwani umeme ukikatika kompresa ya jirani haina msaada.

Geometria inaweza kupimwa uani kwa nyuzi, rula na subira, mradi sakafu iwe sawa na uzito wa dereva uwe kitini, mtu au mfuko wa mchanga. Mwinamo wa gurudumu hupimwa kwa timazi: kama kingo za rimu zimeachana kwa milimita 380, kila tofauti ya milimita 6.6 kati ya ukingo wa juu na wa chini ni digrii 1. MX-5 ya kwanza, ya 1989 hadi 1997, ina mikono miwili kwa kila gurudumu na boliti zenye kichwa cha mduara ambacho kitovu chake hakiko katikati, ambazo zikizungushwa hurekebisha mwinamo mbele na nyuma, na huo ni utajiri. Ningeanza na digrii 1.5 za kuinamia ndani mbele, au zozote boliti zitakazokubali, na nyuma vivyo hivyo. Pareleli ya mbele iwe sifuri, na ya nyuma ifunge, yaani magurudumu yakaribiane zaidi kwa mbele, kwa milimita 2 hivi kwa jumla ili mkia usiwe na wasiwasi. Kwenye 205 mwinamo wa mbele haurekebishiki bila vipuri vya ziada, hubaki pareleli tu. Kuifungua kidogo mbele hulifanya gari liingie kona upesi, lakini hula tairi kwa ndani katika matumizi ya kila siku.

Kisha stabilaiza, ambayo watu huielewa vibaya. Gari la kilo 1,000, lenye kitovu cha uzito kwenye nusu mita kutoka ardhini na upana wa mita 1.4 kati ya magurudumu, likikata kona kwa nguvu ya 0.9 ya mvutano wa dunia huhamisha kiasi cha kilo 320 kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje. Stabilaiza nene haipunguzi kilo hizo kwa namna ya maana. Inachoamua ni ekseli ipi ibebe sehemu kubwa zaidi ya uhamisho huo, na ekseli inayobebeshwa ndiyo hupoteza mshiko. Kwa hiyo 205, inayovutwa na magurudumu ya mbele na kupenda kwenda moja kwa moja, husaidiwa na ugumu wa nyuma. MX-5 inayosukumwa na ya nyuma mara nyingi huvumilia stabilaiza nene mbele, ili gurudumu la ndani la nyuma lisizunguke bure wakati wa kutoka kona.

Amotisa ndizo ningezilipia kabla ya kitu kingine cha kununua, kwa sababu kati ya koni gari halitulii hata mara moja, na ni amotisa zinazoamua uzito uhame kwa kasi gani. Iliyovuja mafuta haina mjadala, ibadilishwe pamoja na mwenzake wa ekseli hiyohiyo. Springi kukatwa kwa msumeno, jambo ambalo bado hufanywa, ni kuharibu gari: sehemu ya mwendo wa amotisa hupotea, gari huketi juu ya mipira ya kuzuia mgongano, na katikati ya kona ugumu huruka ghafla. Kwenye magari yenye amotisa za nguzo, kama mbele ya 205, kulishusha sana gari huweza hata kuongeza tabia ya kulala, kwa kuwa kitovu cha mlalo, yaani nukta ambayo gari hulala likiizunguka, hushuka kuliko kitovu cha uzito.

Siku yenyewe, badilisha kitu kimoja tu kati ya mzunguko na mzunguko, na uandike upepo, mibofyo ya skrubu ya kurekebishia amotisa, kama zinayo, ikihesabiwa kutoka imefungwa kabisa, na saa. Vitu vyote vilivyo huru, zulia la dereva pamoja navyo, vitoke garini. Kabla ya kurudi nyumbani, upepo urudishwe kwenye kipimo cha barabara, ambacho kwa MX-5 ya kwanza ni bar 1.8 tairi zikiwa baridi, amotisa zilegezwe, na nati za magurudumu zikaguliwe kwa spana ya kipimo, kwa MX-5 hiyohiyo kati ya Nm 90 na 118, rimu zikiwa zimekwisha kupoa.